Mwenyekiti Aliyetaka Kulala

Teksi iliingia mtaani asubuhi, ikapita nyumba zenye ua uliokatwa sawasawa kama nywele za askari, halafu ikasimama. Njia ilikuwa imezibwa na viti vya plastiki. Vilikuwa vyeupe, vimepangwa safu kwa safu mpaka kwenye geti la nyumba ya mwisho, na juu ya kila kiti palikuwa na mtu anayesema.

Kwenye kiti cha nyuma cha teksi walikaa wanawake wawili. Mmoja alikuwa mgeni, mwandishi wa habari za safari, mwenye sanduku lililochakaa pembe na lugha kadhaa za kuombea maji na kuulizia njia. Alikuwa amepanga chumba cha uani kwa sababu aliambiwa huo ni mtaa mtulivu. Wa pili ndiye mwenyeji wake, muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista. Alipotoka kazini alimpitia mgeni stendi, na tangu stendi alikuwa akimwonyesha mji kwa kidole huku macho kayafumba.

"Kuna msiba?" mgeni aliuliza alipoviona viti.

Sista alifumbua jicho moja. "Afadhali ungekuwa msiba. Msibani watu hufika mahali wakanyamaza. Huu ni mkutano."

"Mkutano wa nani?"

"Wangu," Sista alisema, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia. "Mimi ndiye mwenyekiti."

Dereva, ambaye alimleta nyumbani karibu kila siku, alicheka. "Nipige honi wapishe, mwenyekiti?"

"Usithubutu. Wataijadili."

Wakashuka, wakabeba sanduku katikati ya viti. Watu walimpigia Sista makofi. Yeye aliwajibu kwa mkono wa kuomba radhi, macho yake yakiwa kwenye dirisha moja tu la nyumba ile: dirisha la chumba chake, lenye pazia zito jeusi alilolishona mwenyewe ili mchana usipenye.

Kisa chenyewe kilianzia nyuma ya dirisha hilo. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na nyumba ya kona ya daktari wa meno, mtu mpole asiyekuwa na watoto wadogo wala mbwa. Daktari alipohamia kwa bintiye, nyumba ilinunuliwa na mpishi mmoja aliyezunguka dunia akipika melini, na mara kukasimikwa ubao kwenye nyasi: hapa patajengwa mgahawa, wenye bustani ya kukalia, jiko la kuchomea nyama, vinywaji vya kila aina na muziki. Mtaa ulipigwa na butwaa. Wenye magari waliwaza mahali pa kuegesha. Wenye mabinti waliwaza walevi. Wenye nguo nyeupe kwenye kamba waliwaza moshi. Sista aliwaza kitu kimoja tu, usingizi. Lori la soda lingeshusha makreti hatua chache kutoka kwenye mto wake wa kulalia, na masufuria yangegongana sikioni mwake kuanzia asubuhi, saa ambayo kwake ndiyo usiku wa manane.

Wala hakuwa mtu wa kudekeza usingizi. Alifanya kazi katika wodi ya watoto njiti, wale wanaowahi kuja duniani kabla dunia haijawaandalia mahali, wengine wepesi kuliko mfuko wa sukari. Katika wodi ile dawa hupimwa kwa tone, na tone moja likizidi hakuna wa kulirudisha. Kwa hiyo Sista alilala kama wengine wanavyosali: kwa nidhamu, kwa saa ileile, mlango umefungwa, simu imezimwa. Alipoambiwa kuna mkutano wa kuupinga mgahawa, alikwenda moja kwa moja kutoka kazini, na viatu vyake vyeupe vya wodini mguuni. Alitaka kupinga. Hilo ndilo kosa lake, kama lilikuwa kosa.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na kanuni yake. Aliitunga Katibu, mstaafu wa posta, mtu mwembamba aliyependa kila jambo liwe na mhuri. Zamani mikutano yao haikuwa na mwisho. Waliwahi kujadili mbwa wanaobweka mpaka mmoja wa mbwa hao akafa kwa uzee, hoja ikiwa bado mezani. Katibu akasema imetosha. Kuanzia siku ile, pendekezo likisomwa, atauliza, "Anayepinga aseme," na asiyesema amekubali. Kimya ni ndiyo. Lengo lilikuwa kufupisha mikutano. Kilichotokea ni kinyume. Kila mtu aliogopa kimya chake kisije kikahesabiwa kuwa ndiyo, basi akasema. Hata asiyekuwa na la kusema alisema kwamba hana la kusema, ili isije ikaonekana kanyamaza. Mtaa ukawa kama kopo lenye kokoto, ukiligusa tu linalia.

Katika mkutano ule wa kwanza Sista alikaa nyuma, akaegemea ukuta uliopata jua. Ukuta ulikuwa na joto. Alisikia Mama Miche, jirani anayeuza miche ya maua, akisema kwa ile sauti yake ya kuitia mtu ng'ambo ya mto, "Mwenyekiti awe Sista! Yeye hushinda nyumbani mchana kutwa, sisi wengine tuna shughuli!" Baada ya hapo hakusikia tena. Alipozinduka, watu walikuwa wamesimama wakimpigia makofi.

"Kuna nini?"

"Hongera! Tumekuchagua, na hukupinga."

"Nilikuwa nimelala!"

"Ulikuwa kimya," Katibu alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mteja kwa nini kifurushi chake hakipo. "Kanuni haiulizi kimya kimetoka wapi."

"Lakini mimi hushinda nyumbani nikiwa nimelala, jamani."

"Si ndiyo hiyo?" Mama Miche alimshika bega. "Upo. Wengine hatupo kabisa."

Tangu siku hiyo mkutano ulihamia kwake, kwa kuwa kanuni ilisema mkutano hufanyika kwa mwenyekiti. Na mtu hawezi kuwakirimu wageni kwa kulala. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Sista aliwaza kuwa mhenga huyo mlango wake haukuwahi kugongwa na Mama Miche.

Kwa maana Mama Miche hakugonga mlango tu. Alizunguka nyuma, akagonga kioo cha dirisha lenye pazia jeusi.

"Sista! Umelala?"

"Nimelala."

"Basi nisikilize hivyohivyo. Yule mpishi ameleta mchanga. Lori zima! Tufanye nini?"

"Tulale."

"Utani huo. Ngoja niwaite wenzetu."

Na wenzao walikuja. Walikuja na viti, maana vya Sista havikutosha, na kwa kuwa ni kazi kuvibeba kila siku, wakaviacha hapo. Wakaja na birika kubwa la chai. Siku nyingine Katibu akaja na spika mbili na maikrofoni, kwa sababu waliokaa barabarani walilalamika hawasikii kinachosemwa. Alivifunga kwenye nguzo za baraza, upande uleule wa chumba cha Sista, akapima sauti: "Moja, mbili. Moja, mbili. Ndugu wakazi, ajenda yetu leo ni kero ya kelele."

Ndani, Sista aliweka mto juu ya kichwa. Akaweka na wa pili. Halafu akaketi kitandani, akaanza kucheka peke yake, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake.

Aliyefurahi alikuwa baba yake. Mzee huyo aliendesha treni maisha yake yote ya kazi, na masikio yake aliyaacha kwenye injini. Tangu mkewe afariki, mchana wake ulikuwa mrefu, binti kalala, nyumba imenyamaza. Sasa alikuwa na watu kila siku, chai kila siku, na kiti cha mbele. Hakusikia hata neno moja, na alipiga makofi kwa kila msemaji.

"Baba, unajua wanasema nini?" Sista alimpigia kelele sikioni.

"Watu wazuri sana hawa," mzee alijibu. "Wanafungua hoteli, sivyo?"

Mgeni wa chumba cha uani alijaribu kusaidia. Siku moja alimzuia Mama Miche pale kona ya nyumba, akamwambia kwa adabu kwamba Sista ametoka kazini, apumzike. Mama Miche alimtazama toka juu hadi chini. "Mwanangu, wewe umekuja jana. Sisi tunampigania asinyimwe usingizi, na wewe unatuzuia?" Mgeni akarudi chumbani kwake. Jioni, Sista alipokuwa akifunga vifungo vya sare yake, mgeni alimsimulia, naye akasema, "Umeona? Nimeibiwa na walinzi wangu. Mwizi mwenyewe hata hajafika."

Ikawa hivyo majuma kwa majuma. Sista alikonda. Alianza kusahau vitu vidogo: funguo kwenye friji, chumvi kwenye chai ya baba, ambaye aliinywa na kumsifu. Vitu vidogo vinasameheka. Lakini usiku mmoja, kuelekea alfajiri, alivuta dawa ya mtoto kwenye bomba la sindano, akamwonyesha mwenzake kama desturi ya wodi inavyotaka, kwamba hakuna dawa inayomwingia njiti kabla ya macho ya watu wawili kuiona. Mwenzake, binti mdogo aliyefundishwa kazi na Sista mwenyewe, aliitazama sindano. Akamtazama Sista.

"Dada," alisema taratibu, "soma tena."

Sista alisoma tena. Ilikuwa mara kumi ya kipimo. Ndani ya kile kisanduku cha kioo mtoto alikuwa amelala, ngumi yake ndogo kama kungu manga imewekwa chini ya shavu, haina habari.

Dawa ikamwagwa, nyingine ikavutwa, kipimo kikaandikwa, na kosa likaandikwa pia, kwa mkono wa Sista mwenyewe. Asubuhi matroni alimwita. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali kama angemgombeza.

"Unalala?"

"Silali, Mama."

"Una mgonjwa nyumbani?"

"Nina mkutano."

Matroni alifunga daftari la makosa. "Sitaki kukupoteza. Lakini ukiendelea hivi nitakutoa wodini, nikuweke stoo ukahesabu mashuka. Shuka halifi."

Siku hiyo Sista alifika nyumbani amekaza shingo. Alipita katikati ya viti mpaka mbele, akachukua maikrofoni. "Ndugu zangu, najiuzulu. Naomba mnichagulie mrithi, na mkutano uhamie kwake. Nimechoka. Jana usiku nusura nimdhuru mtoto wa watu."

"Pole sana, mama," watu walisema, na walimaanisha. Mama Miche alifuta machozi. Kisha Katibu akauliza, "Pendekezo ni kwamba mwenyekiti ajiuzulu. Anayepinga aseme."

Walipinga wote. Walipinga mmoja mmoja, kwa mapenzi, wakisifu moyo wake, wakisimulia walivyotibiwa naye vidonda na homa, na kila mmoja akamaliza kwa kusema kwamba Sista anahitaji kupumzika. Mkutano uliisha mchana umeshaondoka. Sista alienda kazini bila kulala, na usiku ule aliomba kila dawa yake ikaguliwe mara mbili.

Hatimaye ikaja siku yenyewe. Afisa wa mipango miji aliandika kwamba atafika kusikiliza pande zote mbili na kuamua hapohapo. Katibu alifanya kazi kubwa ya kuwaandaa watu.

"Tukisema wote kama tulivyozoea, atatuona wahuni," aliwaambia. "Kesho mdomo ni mmoja. Anayesema ni mwenyekiti. Sisi wengine tunyamaze, tumpe heshima yake. Hata kukohoa, mtu akohoe kwa ndani."

"Na mimi pia?" Mama Miche aliuliza.

"Wewe hasa."

Asubuhi afisa alikuja, mtu mnene mwenye shati lililolowa mgongoni na uso wa mtu aliyekwisha kutukanwa katika mitaa mingi. Alikuja pia mpishi mwenyewe, ambaye wengi walikuwa hawajawahi kumwona. Walitarajia jambazi. Wakaona mzee wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyesalimia kila mtu kwa kupeana naye mkono na kumwuliza baba wa Sista habari za afya. Sista aliketishwa katikati ya meza, baina ya Katibu na afisa. Alikuwa ametoka kazini muda huohuo. Mfukoni alikuwa na hotuba yake, ameiandika wodini wakati wa mapumziko, fupi na kali: usingizi wangu ni uhai wa watoto wa watu.

Katibu alimweleza afisa kanuni ya mtaa, kwa fahari: hapa kimya ni ndiyo, na leo mwenyekiti anawasemea wote. Afisa alifurahi mno kusikia jambo rahisi kiasi hicho. Akafungua jalada lake, akaanza kusoma masharti ambayo mpishi yuko tayari kuyafuata. Jiko lihamishiwe upande wa barabara. Magari ya mizigo yapitie mbele. Muziki usitoke nje ya ukuta. Asubuhi mgahawa usifunguliwe, ufunguliwe jioni tu.

Alisoma polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Na wakazi, kwa mara ya kwanza tangu mtaa uwe mtaa, walinyamaza. Hakuna aliyekohoa. Hakuna kiti kilicholia. Spika zilikuwa zimezimwa. Upepo mdogo ulipita kwenye ua, njiwa mmoja akaguna juu ya paa, kisha naye akaacha. Ukimya ulimwangukia Sista kama blanketi. Majuma yote yale hakuwahi kuusikia, mchana, ndani ya ua wake mwenyewe. Ulikuwa mzito, mtamu, na hakuwa na nguvu ya kuukataa. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeishika hotuba.

"Haya," afisa alisema, "mwenyekiti anapinga?"

Watu wakangoja. Waliona uso wake umetulia, wakadhani anapanga maneno. Mama Miche aliiziba midomo yake kwa viganja vyote viwili. Katibu alitabasamu, akiwa na uhakika wa radi itakayopiga.

"Mwenyekiti hapingi," afisa alisema, akaandika, akapiga mhuri.

Kilichofuata si cha kusimulia kwa utaratibu. Viti vilianguka. Watu walisema yote waliyoyazuia tangu asubuhi, kwa mpigo. Afisa alikumbatia jalada lake akaelekea garini. Na Sista aliendelea kulala, kidevu kifuani, kama mtoto mgongoni kwa mama sokoni. Mpishi ndiye aliyeinama akamtazama, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mwacheni mama wa watu alale."

"Mmesikia?" sauti ilitoka nyuma. "Kumbe wanajuana! Ametiwa mfukoni!"

Neno hilo ndilo lililomwamsha. Alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Nani katiwa mfukoni?"

Katibu alikohoa. "Sista, umetuangamiza. Ungesema neno moja tu."

"Mlinichagua nimelala," Sista alisema. Hakupaza sauti, naye alikuwa mtu wa sauti kubwa. "Nikawaambia nililala. Mkasema kanuni haiulizi kimya kimetoka wapi. Leo mnaiuliza? Mmenigongea dirisha, mmenifungia spika kitandani, mmenipigania mpaka nikamtilia mtoto sumu kwenye sindano. Hoteli haijachoma hata kipande kimoja cha nyama, na mimi nimeshakwisha. Sasa nisikilizeni. Siwapingi. Sikubali. Nakwenda kulala."

"Wapi?" Mama Miche aliuliza.

"Mahali ambapo hamna anuani yake."

Palikuwa kwenye nyumba za wauguzi, chumba kimoja kinachotazama tangi la maji. Aliviomba vyote, chumba na ufunguo, kwa simu moja tu, akalala mpaka jioni huku kitasa kimezuiwa na meza. Alipoamka alirudi nyumbani, akafungasha: sare, viatu vyeupe, pazia jeusi alilolitungua na vijiti vyake. Baba yake alimtazama kutoka mlangoni.

"Baba, twende wote."

Mzee alisoma midomo yake, akatikisa kichwa. "Nani atawapokea wageni? Wewe nenda, mwanangu. Huku hakuna upweke." Kisha akaongeza, "Hoteli inafungua lini?"

"Muulize mpishi," Sista alisema, akambusu mkono. Mpishi alikuwa ameshaahidi kumtumia mzee chakula cha jioni, na Sista, kwa hasira iliyomstaajabisha mwenyewe, alikuwa ameshakubali.

Teksi ilikuja, dereva yuleyule. Ilibidi isimame mbali, maana viti vilikuwa vimerudi. Ua ulijaa. Walikutana kuhusu rufaa, na walikutana kwa Sista kwa sababu viti vilikuwa hapo, na birika, na spika. Walimpisha apite. Wengine walitazama chini. Mama Miche alimtia mkononi mche wa waridi kwenye kopo, bila neno lolote, na kwa Mama Miche hiyo ilikuwa ndiyo toba.

Mgeni alimbebea begi mpaka garini. "Nitamwangalia mzee," alisema. "Mimi nipo tu. Nashinda chumbani naandika."

Sista aligeuka haraka. "Hiyo usimwambie mtu."

"Ipi?"

"Kwamba unashinda nyumbani."

Mgeni alicheka, akafunga mlango wa gari. Dereva akarudi nyuma taratibu, akigeuza. Kupitia kioo Sista aliiona nyumba aliyojengewa na baba yake, dirisha lake likiwa wazi sasa, bila pazia, na mgeni amesimama pale getini katikati ya viti, ameinua mkono wa kwaheri, mdomo umefungwa katika tabasamu. Spika zililia kidogo, zikakaa sawa. Sauti ya Katibu ikaja hadi barabarani, safi, kila silabi mahali pake: mtaa hauwezi kukaa bila mwenyekiti, mwenyekiti lazima awe mtu anayepatikana mchana, na kuna mmoja kati yetu, ingawa ni mgeni, ambaye amesoma na anajua lugha nyingi.

"Anayepinga aseme."

Sista alipapasa kitufe cha kushushia kioo. Alitaka kumpigia kelele: sema kitu, kwa lugha yoyote! Mgeni alikuwa bado anampungia mkono.

"Tusimame?" dereva aliuliza.

Hakupata jibu. Alitazama kwenye kioo cha ndani, akaona kichwa cha abiria wake kimelala juu ya pazia jeusi, mche wa waridi umebanwa kati ya magoti. Akazima redio, akaizunguka kona ya nyumba ya daktari wa meno polepole, kama mtu aliyebeba mayai.